Ratiba wanaichora vizuri ila hawaifuati, nawafundishaje kupanga muda?

Mwalimu wa sekondari moja ya kata, ya kutwa, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha Hisabati na Jiografia na ni mwalimu wa darasa kidato cha pili, nina watoto 80 na kitu. Niliwaambia kila mmoja atengeneze ratiba ya kusomea nyumbani, wakachora vizuri sana na kalamu za rangi, wiki ya pili hakuna hata mmoja anayeifuata. Homuweki wananakiliana asubuhi kabla ya namba. Kazi mradi niliyowapa wiki mbili wameifanya usiku mmoja. Wenzangu ofisini wanasema ni uvivu tu, wachapwe. Halafu nina kijana mmoja ana akili sana ila anasahau kila kitu, daftari, peni, mpaka siku ya testi. Hivi kupanga muda kunafundishwaje, na kipindi nitakitoa wapi?"

Marahaba mwalimu wangu. Nianze na hiyo ratiba maana karibu wote tunaanzia hapo na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ratiba anatengeneza mtu ambaye tayari anajua kazi fulani itamla muda gani, anajua siku yake ikoje, anajua akikaa atajianzishaje na akichelewa atarekebisha vipi. Hao watoto wako hawana hata kimoja katika hivyo, kwa hiyo walichochora ni maisha ya mtu mwingine kabisa, yule mwanafunzi anayetoka shule saa tisa, anapumzika, anakula, anasoma masomo manne mpaka usiku. Ratiba iwe ya mwisho. Kuna vitu vidogo vidogo vinatangulia, na habari njema ni kwamba vinafundishika, tena ndani ya somo lako lile lile.

Kuhusu uvivu, wapo watoto wavivu sikatai, ila darasa zima la watu 80 haliwezi kuwa vivu kwa namna moja inayofanana. Hizi stadi za kujisimamia zimechunguzwa sana. Adele Diamond wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada anazigawa kwenye mambo matatu ya msingi: kushikilia kitu akilini huku unakifanyia kazi, kujizuia usifuate kile kinachokuvuta muda huo, na kubadilika pale mpango unapokwama. Zote zinategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na hiyo sehemu inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka 20 na kitu, kuelekea 25. Mtoto wako wa kidato cha pili ana miaka 14 au 15. Anaweza, ila anahitaji mtu mzima amshikie kwanza halafu amwachie taratibu, na sisi mara nyingi tunamwachia siku ile ile anaingia kidato cha kwanza.

Wiki ya kwanza usiongelee kupanga kabisa. Wape nusu ukurasa waandike siku ya jana. Siyo siku wanayoitamani, jana yenyewe, saa kwa saa, tangu walipoamka mpaka walipolala. Utakuta binti kaamka saa kumi na moja alfajiri, kachota maji, kafagia, katembea saa nzima kuja shule, karudi saa kumi jioni, kapika, kaosha vyombo, kamwogesha mdogo wake, na muda wa kwanza ambao hakuna mtu anamwita jina ni saa tatu usiku, na hapo taa ya sola ndio inaanza kufifia. Huyo ndiye aliyechora ratiba ya masomo manne kwa jioni moja. Na kijana anayekaa naye dawati moja unakuta ana masaa mawili mazima uwanjani ambayo hajawahi kujua kama anayo. Waambie wazungushie duara vipande ambavyo ni vyao kweli, hata kikiwa kimoja tu cha dakika 40, na mipango yote itakayofuata iingie kwenye hayo maduara basi. Ila nakusihi, usiwasomeshe kwa sauti mbele ya darasa, kuna mambo ya nyumbani mtoto hataki wenzake wayajue, pita tu kwenye madawati uangalie mwenyewe. Utajua mengi kuhusu darasa lako ambayo hakuna kikao cha wazazi kitakwambia.

Sasa zoezi ambalo ningekuomba ulishike kuliko mengine yote, hata ukiacha mengine hili usiliache. Uko kwenye logarithimu, umeandika maswali matano ubaoni. Kabla hawajagusa kitu, kila mtu aandike pembeni mwa daftari dakika anazodhani zitamtosha. Wewe andika saa ya kuanza kwenye kona ya ubao, na kila dakika tano unaandika saa nyingine chini yake, maana wengi hawana saa mkononi. Anayemaliza anaandika muda halisi pembeni ya yale makadirio yake. Wengi wataandika dakika kumi, na dakika kumi zikifika utawaona wako swali la pili. Usiwacheke wala usiwasemee, acha zile namba mbili zikae pamoja ukurasani. Halafu uliza swali moja tu, muda umeendea wapi? Subiri. Watakwambia: nilikuwa natafuta rula, kitabu cha jedwali kiko kimoja watu watano nikawa nasubiri zamu, nilisoma swali mara tatu sikuelewa Kiingereza chake, nilikosea mwanzo nikafuta nikaanza upya. Hayo yote ni muda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyahesabu, kila mtu alihesabu ule muda wa kuandika majibu peke yake.

Na hapa watoto wako wako sawa na watu wazima duniani kote. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu kosa hili mwaka 1979, kwamba mtu anapokadiria kazi iliyo mbele yake anaangalia jinsi anavyotaka iende na anasahau jinsi kazi za namna hiyo zilivyokwenda huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakawauliza wanafunzi wa chuo kikuu Kanada, wa mwaka wa mwisho, watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku kama 34. Walitumia kama 55. Kinachonigusa zaidi ni kwamba waliambiwa pia wakadirie hali ikiwa mbaya kabisa, kila kitu kikienda vibaya, wakasema siku 49 hivi, yaani hata hapo bado walikosa. Kwa hiyo kumwambia mtoto "kadiria vizuri" hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kumfanya aangalie kazi zake zilizopita halafu aziunganishe na hii iliyo mbele yake, na ndio maana nataka zile namba mbili ukurasani kila wiki. Wachore safu mbili nyuma ya kaunta buku, nilidhani na nilitumia. Baada ya muda mtoto mwenyewe anaanza kusema mwalimu mimi nikisema kumi huwa inakuwa ishirini na tano, na siku akisema hivyo ujue amepata kitu ambacho watu wengi wenye digrii hawana.

Tuje kwenye kuanza. Ukimuuliza mwanafunzi utasoma lini anakwambia "jioni". Jioni haina mlango wa kuingilia. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwamba mtu akishaamua kabisa ni lini na wapi atafanya kitu, uwezekano wa kukifanya unapanda sana. Katika jaribio moja wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti fupi kipindi cha sikukuu ya Krismasi. Walioandika kabisa saa na sehemu watakayokaa, zaidi ya theluthi mbili waliifanya, na ambao hawakuandika ilikuwa kama theluthi moja tu. Kwa hiyo dakika mbili za mwisho za kipindi kila mtoto aandike sentensi moja inayoanza na kitu ambacho tayari anakifanya kila siku: "nikishaosha vyombo nakaa kwenye kigoda cha nje naanza swali la kwanza". Vyombo vinaoshwa kila siku hata asipotaka, hicho ndicho kitakachomkumbusha, hahitaji alamu wala simu. Halafu kuna jambo jingine rahisi sana ambalo litakupunguzia kunakiliana: swali la kwanza la homuweki lifanyike darasani, pale pale, kabla kengele haijalia. Mtoto anayefungua daftari usiku akakuta ukurasa mweupe, kachoka, hakumbuki hata njia inaanzaje, anafunga. Akikuta ameshaanza anaendelea. Wengi wanaonakili asubuhi siyo kwamba hawakutaka kufanya, walishindwa kuanza wakaona aibu kuja mikono mitupu.

Kazi mradi sasa. Hapa kuna kitu ambacho sisi walimu tunakifanya kichwani bila kujua na hatuwaonyeshi watoto. Wewe ukipewa kazi ya wiki mbili unaivunja mwenyewe kimyakimya. Wao wanaona donge moja kubwa na tarehe ya mbali, na donge la mbali halimsumbui mtu mpaka usiku wa mwisho. Tuseme Alhamisi umewapa kuandika kuhusu kilimo katika kata yenu, wawahoji wakulima, wachore ramani, waandike ripoti ya kurasa tatu, wakusanye Ijumaa baada ya wiki mbili. Simama ubaoni ufikirie kwa sauti, kweli kwa sauti, kuanzia mwisho kurudi nyuma. "Ijumaa nakusanya. Ili nikusanye Ijumaa, Alhamisi nasoma tu mara ya mwisho na kusahihisha, siandiki kitu kipya. Basi kuandika kuwe kumeisha Jumatano. Kuandika kurasa tatu mimi huwa kunanichukua jioni mbili, basi naanza Jumatatu kwa sababu Jumanne kwetu ni siku ya gulio siko nyumbani. Ili niandike Jumatatu lazima ramani na majibu ya wakulima niwe nayo wikiendi. Wakulima wanapatikana lini? Asubuhi wako shambani, jioni wamechoka, labda Jumamosi mchana. Sasa Jumamosi nikimkosa?" Hapo nyamaza. Waache wajibu wao. Hilo swali la "nikimkosa" ndilo linalomtofautisha mtu anayepanga na mtu anayetamani. Watakwambia niende Jumamosi ya kwanza ili ya pili ibaki ya akiba, na kumbe kazi ya wiki mbili inaanza kesho kutwa. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake humwambii tena "anzeni mapema".

Mara ya kwanza wewe ndio unapanga wote wanaangalia wanaandika. Mara ya pili unawapa tarehe ya mwisho na hatua zimechanganyika, wao wazipange. Mara ya tatu wanavunja wenyewe wawili wawili, wewe unaangalia. Mara ya nne mtu peke yake. Usiruke, na pia usibaki hatua ya kwanza mwaka mzima, walimu wazuri wenye huruma ndio wanaokwama hapo, wanapanga kila kitu mpaka mtoto anafika kidato cha nne hajawahi kuvunja kazi hata moja mwenyewe. Na kusanya vipande, usisubiri tarehe ya mwisho. Jumatatu ya wiki ya kukusanya kila mtu anaonyesha majibu ya wakulima, huna haja ya kusahihisha, pita tu na tiki. Kwa watoto 80 tiki zinachukua dakika chache ukiwatumia viongozi wa makundi.

Jambo la kusahau linahusiana kidogo na sisi wenyewe. Uwezo wa mtu kushikilia vitu akilini kwa wakati mmoja ni mdogo, wataalamu wengi wanataja vitu kama vinne. Sasa fikiria mwisho wa kipindi, mwalimu anatoka mlangoni anasema kwa Kiingereza fanyeni swali la tatu mpaka la nane ukurasa wa 47 rukeni la tano leteni kesho na msisahau grafu. Mtoto huyu kasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, sehemu ya akili yake inafanya kazi ya kuelewa lugha, kilichobaki cha kushika maelekezo ni kidogo mno, na mwalimu anayefuata kashaingia na ya kwake. Kesho yake wanaleta kazi tatu tofauti unaona hawasikilizi. Tenga kona moja ya ubao, iwe ile ile kila siku, masomo yote kama wenzako wakikubali, inaandikwa kazi na siku ya kuleta. Anayefuta ubao haigusi. Kabla ya kutoka kiranja anasema "kona", wote wanaandika kwenye ukurasa mmoja wa nyuma, siyo kila somo na daftari lake maana hapo ndipo vitu vinapotea.

Kuhusu muda wa kusoma wenyewe sitakaa sana. Wapo wanaopenda mtindo wa dakika 25 kazi dakika 5 kupumzika, ulianzishwa na Francesco Cirillo wa Italia miaka ya 1980 mwishoni, ni mzuri kwa anayeogopa kuanza, ila mtoto mwenye dakika 40 tu usiku asisumbuliwe nao. Simu kama ipo ikae chumba kingine, imetosha. La kukesha ndilo nitasema kwa nguvu: msimsifie mtoto aliyepiga msuli mpaka saa tisa usiku. Mtu wa umri huo anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10, na alichokisoma kinakaa vizuri kichwani akilala. Nimeshaona shule inampigia makofi paredi mtoto wa namna hiyo, na kipindi cha tatu yule yule anachapwa kwa kusinzia, inaniuma sana.

Fimbo ni swali zito na sitalizunguka. Mtoto akichapwa kwa kutomaliza kazi, anachojifunza ni kuwahi zaidi kunakili. Hajui ni wapi palimshinda, na wewe pia hujui, kwa sababu kesho atakuletea kazi iliyokamilika ya mtu mwingine. Nakushauri ubadilishe kitu kimoja: asiyemaliza asiitwe mbele, aandike mistari miwili, "nilikwama wapi" na "leo nitafanya lini". Atakayeandika uongo utamjua. Baada ya wiki tatu zipange hizo karatasi uende nazo ofisini, wenzako wakisema uvivu uwaonyeshe, hawa 23 walikwama kwenye lugha ya swali, hawa 15 hawana muda nyumbani kabla ya saa tatu usiku, hawa 9 hawakuandika kazi (namba ni mfano tu, za kwako utazipata). Ubishi wa ofisini unaisha haraka ukiwa na karatasi mkononi. Na hao wasio na muda nyumbani waombee ruhusa wabaki darasani nusu saa baada ya masomo, wakifanya kazi yao siyo tuisheni, kwa baadhi yao hiyo ndiyo nusu saa pekee ya siku. Kwa mabinti panga na mzazi kwanza wasifike njiani giza limeingia.

Kipindi hakuna, na usikitafute. Ukiomba kipindi cha "stadi za kupanga muda" utapewa Ijumaa saa nane mchana na watoto watachukulia ni somo jingine la kukariri. Jumlisha nilivyokwambia: kukadiria ni dakika mbili, swali la kwanza darasani ulikuwa utalifanya tu, kona ya ubao dakika moja, kupanga mradi nusu kipindi mara moja kwa muhula. Kipindi cha dakika 40 kinabeba. Anza na kukadiria peke yake mpaka kizoeleke ndipo uongeze kingine, ukianza vyote Jumatatu utachoka kabla yao.

Nimalizie na huyo kijana wako. Kwanza ondoa yaliyo rahisi: anaona ubao vizuri? Anasikia? Amekula? Analala na nani na saa ngapi? Mtoto anayelala njaa au anayelala kwa ndugu tofauti tofauti kila wiki atasahau tu, na daftari lake kweli liko nyumba nyingine. Kama hayo yote yako sawa, na unaona kusahau na kutotulia kulianza tangu msingi, na nyumbani wanalalamika vilevile, inawezekana ana hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia inayoitwa ADHD, ambayo haimaanishi ana akili ndogo wala kalelewa vibaya, na wewe huna kazi ya kumpa jina hilo, kazi yako ni kuandika unachokiona na kumwita mzazi mkae kwa utulivu wampeleke hospitali yenye daktari wa afya ya akili amwangalie. Wakati hayo yanaendelea mpe mambo mawili. Akae mbele, karibu na ile kona ya ubao. Na peni na kaunta buku vya somo lako vibaki shuleni, kwenye kabati lako, anachukua akiingia anarudisha akitoka, kazi ya nyumbani inaenda kwenye karatasi moja iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Wengine wakiuliza kwa nini yeye, wajibu kwamba yeyote anayetaka kuacha daftari lake kabatini anaruhusiwa. Utashangaa watakaokuja. Ukifika katikati ya muhula niandikie amefikia wapi, na niambie pia safu za "nilidhani" na "nilitumia" zinasemaje, hizo nataka sana kuzijua.